Kuwahesabu Papa Waliokufa Zamani

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojaa huko nyuma, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie meno ya papa yaliyogeuka visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyohifadhika mwambani. Najua wengi wenu mnangoja jino la megalodoni, yule papa mkubwa mno aliyetoweka zamani, jino linalojaza kiganja kizima, nami nitalifikia. Ila kilichonileta mbele yenu leo ni swali la hesabu: bahari ilikuwa na papa wangapi kabla binadamu hajaanza kuwavua? Kila nitakachosema kitalizunguka swali hilo.

Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Nathan Pacoureau. Watafiti walikadiria kwamba papa na taa (wale samaki bapa walio jamaa za papa) wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970, na kwamba shinikizo la uvuvi juu yao limeongezeka mara 18 katika muda huohuo. Takwimu hizo zinauma. Lakini tazameni zinapoanzia: mwaka 1970. Kufikia hapo nyavu na mishipi ilikuwa imeshafanya kazi kwa vizazi vingi, na aliyeanza kuhesabu mwaka huo alianza na bahari iliyokwisha kupunguzwa. Mwanabiolojia Daniel Pauly alilieleza tatizo hili mwaka 1995: kila kizazi cha watafiti huichukua bahari kiliyoikuta ujanani kuwa ndiyo bahari kamili, na hasara iliyotangulia haiingii katika daftari la mtu yeyote.

Basi daftari tutalipata wapi? Kwa wanyama wengi tungetafuta mifupa. Papa hana mifupa; mwili wake umeshikwa na gegedu, nayo huoza upesi. Kinachobaki ni meno.

Hebu tulitazame moja kwa karibu. Sehemu ya juu ni mzizi, una vinyweleo vidogo na ukiugusa unakwaruza kidogo, kwa sababu ndipo jino lilipokuwa limeshikwa na ufizi. Chini yake ni taji, laini na lenye kung'aa hata baada ya miaka milioni kumi. Pitisha ukucha pembeni mwa jino la papa mweupe mkubwa, utahisi misumeno midogo mmoja baada ya mwingine hadi nchani. Jino la papa aitwaye mako halina misumeno hiyo. Ni kisu kitupu cha kunasia samaki anayeteleza. Rangi isiwadanganye. Jino jeusi si lazima liwe kongwe kuliko la kijivu, maana rangi hutoka katika madini ya mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama, yaliyolifunika. Ule mng'ao nao unatokana na utando wa nje uliojengwa kwa madini ya kalisi na fosfati yenye floridi ndani yake, ambayo huyeyuka kwa shida sana. Ndiyo maana jino hudumu pale ambapo kila kitu kingine kimeisha.

Tena papa habaki na meno yaleyale. Nyuma ya safu ya mbele kuna safu nyingine zinangoja, na jino la mbele liking'oka, la nyuma husogea kushika nafasi. Kazi hiyo haikomi mpaka mnyama afe. Papa mmoja huangusha maelfu ya meno maishani mwake, na kwa baadhi ya spishi makadirio hufika makumi ya maelfu. Mtu anayeokota visukuku hufurahia wingi huo. Mimi ninayetaka kuhesabu papa, hapo ndipo taabu yangu inapoanzia. Meno mia moja katika tabaka moja la mwamba yanaweza kuwa ya papa mia, na yanaweza kuwa ya papa watatu waliokaa pale miaka mingi. Mikondo ya maji nayo huyazoa meno kutoka eneo pana na kuyarundika mahali pamoja, ukafikiri umekuta makao ya papa kumbe umekuta jalala la bahari.

Hata kujua jino ni la nani kulichukua karne nyingi. Waroma wa kale waliamini mawe haya huanguka kutoka mbinguni mwezi unapopatwa, na Ulaya ya baadaye iliyaita ndimi za mawe. Mwaka 1666 wavuvi karibu na Livorno, Italia, walimkamata papa mkubwa, na kichwa chake kikapelekwa Florence kwa daktari Mdenmarki, Nicolaus Steno. Alipokichambua aliona kwamba zile ndimi za mawe na meno ya papa yule ni kitu kimoja, akalichapisha jambo hilo mwaka uliofuata. Karne ya 19 ikaleta mkanganyiko mwingine. Louis Agassiz na wenzake walizipa spishi majina kwa kutazama jino mojamoja, ilhali papa mmoja ana meno ya mbele na ya pembeni, ya taya la juu na la chini, yasiyofanana. Mengi ya majina yale yalifutwa baadaye, yalipobainika kuwa ya mnyama mmoja.

Sasa, pamoja na hayo yote, meno yanatuambia nini kuhusu jamii za papa?

Kwanza, umri. Jamii ya wanyama ina watoto, vijana na wazee, na mgawanyo huo una uzito kuliko idadi tupu, kwa sababu papa hukua polepole na huzaa wachache. Ukubwa wa jino hukadiria urefu wa mwili. Mwaka 2010 Catalina Pimiento na wenzake waliandika juu ya meno ya megalodoni kutoka miamba ya Gatun, Panama, yenye umri wa miaka milioni 10 hivi. Meno yale yalikuwa madogo mno kwa mnyama huyo. Walipokadiria urefu wakapata papa wa kati ya mita 2 na mita 10 na nusu, wengi wao wachanga na vijana. Wakasema hapa palikuwa malezini: maji ya kina kifupi, chakula tele, maadui wachache. Mwaka 2020 watafiti wengine walieleza malezi kama hayo karibu na Tarragona, Hispania, na mwaka huohuo kundi jingine likaandika juu ya malezi ya kale ya papa mweupe mkubwa huko Coquimbo, Chile.

Mimi napenda sana kazi hizi, ila nawaomba mzishike kwa uangalifu. Mwaka 2022 Kenshu Shimada na wenzake walionyesha kwamba megalodoni wa maji ya baridi walikuwa wakubwa kuliko wa maji ya joto. Kama ni hivyo, meno madogo mahali penye joto huenda yanatuonyesha halijoto ya bahari kuliko uwepo wa watoto. Hoja hiyo haijaua wazo la malezi, lakini inamlazimu kila anayetaka kusema "hapa walikuwa wakilea" aonyeshe ushahidi zaidi ya udogo wa jino. Kuna na kasoro nyingine ya kibinadamu: waokotaji hupenda meno makubwa na mazima. Mkusanyiko uliochaguliwa kwa macho utaonyesha jamii ya wazee watupu, hata kama watoto walikuwa wengi.

Pili, chakula. Ndani ya ule utando mgumu wa jino kuna zinki, na uwiano wa isotopu zake, yaani aina zake zinazotofautiana kwa uzito, hubadilika kadiri mnyama anavyopanda ngazi ya kulana. Jeremy McCormack na wenzake walilipima hilo mwaka 2022, wakakuta kwamba mapema katika kipindi cha Pliosini, kilichoanza miaka milioni 5 hivi iliyopita, megalodoni na papa mweupe mkubwa walikula katika ngazi zinazogusana. Miaka mitatu kabla, Robert Boessenecker na wenzake walikuwa wameyapitia upya meno ya megalodoni ya pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, wakayaondoa yale yasiyojulikana vizuri yalitoka tabaka gani, na tarehe ya kutoweka kwake ikarudi nyuma hadi karibu miaka milioni 3.6 iliyopita. Papa mweupe alikuwa ameshaenea. Kugombea windo moja kumekuwa hoja yenye nguvu, ingawa nyangumi wadogo waliokuwa chakula chake nao walikuwa wakipungua, na sidhani sababu ilikuwa moja.

Hayo yote bado hayajajibu swali letu, na kuna mfano unaoonyesha sababu yake. Mnalijua janga la miaka milioni 66 iliyopita, lililowamaliza dainosari. Papa walipona? Mwaka 2021 Mohamad Bazzi na wenzake walipima maumbo ya meno 1,239 ya kabla na baada ya janga, wakakuta kwamba kwa jumla utofauti wa maumbo haukuporomoka, ingawa baadhi ya koo, kama Anacoracidae, zilitoweka. Mwaka 2023 Guillaume Guinot na Fabien Condamine walihesabu spishi badala ya maumbo, wakapata kwamba asilimia 62 hivi ya spishi za papa na taa zilipotea, taa wakiumia zaidi. Msikilizaji anaweza kudhani hawa wanapingana. Hawapingani. Maumbo ni kitu kimoja, spishi ni kitu cha pili, na wingi ni kitu cha tatu. Bahari inaweza kubaki na spishi zote na bado ikawa imepoteza papa tisa katika kila kumi, usione chochote katika orodha ya majina.

Kwa wingi tunahitaji njia nyingine, na hapa nawaomba mnivumilie, kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo.

Ngozi ya papa imefunikwa na vijino vidogo vidogo, vingi vikiwa chini ya milimita moja. Vimejengwa kama meno kabisa: dentini, ile tishu ngumu ya ndani ya jino, kisha utando mgumu nje. Navyo hudondoka na kumea upya maisha yote, vikazama hadi sakafu ya bahari. Katikati ya Pasifiki, mbali na mito yote, sakafu hiyo ni udongo mwekundu unaojengeka taratibu ajabu, milimita chache au pungufu kwa miaka elfu. Mche mmoja wa udongo, yaani nguzo nyembamba ndefu iliyotobolewa pale kutoka sakafuni, una mamilioni ya miaka ndani yake.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Unachukua kipande cha udongo, unakisambaza katika maji, unakiosha juu ya ungo wenye matundu ya maikromita 38, yaani chini ya sehemu moja ya ishirini ya milimita. Tope lote linapita. Kinachobaki unakikausha na kukinyunyiza chini ya hadubini: kijivumbi cha manjano na kahawia kinachometameta. Halafu unalowesha ncha ya brashi nyembamba na kuokota kimoja kimoja. Hiki ni jino la samaki, koni ndogo angavu kama kioo. Hiki ni kijino cha papa, kina kitako kipana na taji lililopigwa mifereji. Mgongo unauma, macho yanachoka, na mwisho wa siku una kisahani ambacho mtu akipiga chafya kimekwisha.

Elizabeth Sibert na Leah Rubin walifanya kazi hiyo kwa udongo wa sehemu mbili, moja Pasifiki ya Kusini na moja ya Kaskazini, wakaichapisha katika jarida la Science mwaka 2021. Akili yao ilikuwa katika kuhesabu kwa uwiano: vijino vya papa kwa kila meno ya samaki. Fikirini faida yake. Udongo ukitua polepole zaidi, vijino na meno vyote husongamana pamoja. Ukitua haraka, vyote husambaa pamoja. Uwiano haujali. Ukibadilika, kuna jambo limewapata papa au samaki wenyewe.

Nao ulibadilika. Kwa makumi ya mamilioni ya miaka kulikuwa na kijino kimoja cha papa kwa kila meno matano hivi ya samaki. Karibu miaka milioni 19 iliyopita, mwanzoni mwa kipindi cha Miosini, ukawa kimoja kwa mia. Wingi wa papa wa bahari kuu ulishuka kwa zaidi ya asilimia 90, na aina za vijino kwa zaidi ya asilimia 70. Haukuwahi kurudi ulipokuwa. Wala hakuna badiliko kubwa la tabianchi linalojulikana kwa wakati huo ambalo tungeweza kulibebesha lawama.

Wataalamu wengine waliwapinga katika jarida hilohilo. Mojawapo ya hoja zao ni nzito: papa mmoja ana vijino vya maumbo mengi, vya puani, vya mgongoni, vya mapezini, kwa hiyo kupotea kwa umbo si lazima kuwe kupotea kwa spishi. Nakubaliana nao kwa hilo. Ndiyo maana ile asilimia 70 ya aina siisemi kwa sauti kubwa. Kushuka kwa uwiano ni jambo gumu zaidi kuliondoa, kwa sababu halitegemei umbo wala jina. Lakini miche miwili ya Pasifiki haiwezi kusema kwa niaba ya bahari zote.

Njia hiyohiyo imeletwa karibu na wakati wetu. Huko Bocas del Toro, Panama, upande wa Karibi, kuna mwamba wa matumbawe uliokufa na kubaki ukiwa umehifadhika vizuri, wenye umri wa miaka 7,000 hivi. Erin Dillon na wenzake walichukua mashapo yake, na mashapo ya miamba hai ya jirani, wakayayeyusha kwa asidi iletayo ukali wa siki. Chokaa ya matumbawe inaisha, vijino vya papa vinabaki. Kabla ya hapo Dillon alikuwa ameijaribu njia hii katika kisiwa cha Palmyra, katikati ya Pasifiki, mahali ambapo papa bado ni wengi na wamehesabiwa kwa njia za kawaida, kuona kama wingi wa vijino mchangani unafuata wingi wa papa majini. Unafuata. Nawasifu kwa hatua hiyo kuliko kwa matokeo yenyewe. Kipimo hupimwa kwanza ndipo kikapime.

Panama walikuta vijino vimepungua kwa karibu asilimia 71. Maumbo nayo yalisema neno. Papa aendaye mbio ana vijino vyembamba vyenye mifereji ya kupunguza ukinzani wa maji; papa wa kulala chini ana vinene, vya kuhimili msuguano wa mawe na mchanga. Waliopungua zaidi ni wale waendao mbio. Ila hata wa chini, ambao wavuvi hawakuwa na haja kubwa nao, walipungua. Hao hawakumalizwa na ndoana peke yake. Matumbawe yaliyokuwa makao yao na samaki waliokuwa chakula chao navyo vimekwenda.

Kufanana kwa 71 hii na ile ya mwanzo ni sadfa tu. Moja ni ya bahari kuu duniani kote katika nusu karne, nyingine ni ya ghuba moja katika maelfu ya miaka. Msizijumlishe, wala msizitumie kuthibitishana.

Kuna mfano mmoja usio wa visukuku ambao siwezi kuuacha. Watu wa Visiwa vya Gilbert, katika nchi ya Kiribati huko Pasifiki, walikuwa wakitengeneza silaha kwa kufunga meno ya papa kwenye mbao kwa kamba za nazi. Makumbusho ya Field mjini Chicago yana mkusanyiko mkubwa wa silaha hizo, zilizotengenezwa karne ya 19. Mwaka 2013 Joshua Drew na wenzake waliyachunguza meno yake na kutambua spishi nane. Mbili kati ya hizo, Carcharhinus sorrah na Carcharhinus obscurus, hazijaandikwa kuwapo katika maji ya visiwa hivyo. Huenda zilikuwapo zikaondoka kabla mwanasayansi yeyote hajafika na daftari. Mafundi wale walihifadhi kumbukumbu ambayo hakuna aliyewaomba waihifadhi.

Nina ombi kwa wanaookota na kwa wanaotunza makumbusho. Tafadhali, vipande vidogo na vilivyovunjika msivitupe. Andikeni tabaka, andikeni ukubwa wa matundu ya ungo mliotumia, na kama mliokota kwa macho tu, liandikeni hilo pia. Jino kubwa zuri lisilo na tabaka ni pambo. Vipande arobaini vibaya vyenye tabaka ni takwimu.

Na kwenu wanafunzi: mmoja wa miche ile ya Pasifiki ulichimbwa mwaka 1983, kwa maswali mengine kabisa. Ulikaa ghalani hadi alipotokea mtu wa kuuosha na kuhesabu kilichomo. Maghala ya aina hiyo yana miche mingi ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi, na watafiti huruhusiwa kuomba sampuli. Mimi ningependa kuona udongo wa miaka milioni 20 hadi 18 kutoka bahari hizo mbili ukihesabiwa kwa uwiano uleule, vijino kwa meno. Ikiwa utashuka kule kama ulivyoshuka Pasifiki, tutakuwa tunazungumza habari ya dunia nzima. Ukikataa kushuka, itabidi tuulize Pasifiki ilipatwa na nini peke yake. Atakayetaka kuanza, tuonane hapa mbele baada ya maswali.